Msaada wakuu: hosi ya pampu inaingia nusu tu kwenye probu ya PCP, hizi nyuzi ni zipi?

mpiga_kopo

Wakuu habari za wikendi. Nina bunduki ya upepo, hizi PCP zinazojazwa hewa kabla, nimeichukua mkononi kwa jamaa hapa Coventry. Ni ya Kiingereza, kalibre .177, nguvu yake haizidi futi-paundi 12 kwa hiyo hapa England haina kesi ya leseni (wa Scotland najua nyie mnatakiwa cheti, msinishambulie). Naitumia kupiga shabaha tu, makopo na karatasi.

Sasa shida yangu. Jamaa alinipa bunduki pamoja na probu yake ya kujazia, ile pini yenye oringi mbili na katundu katikati, upande wa nyuma ina nyuzi za dume. Pampu hakunipa, nikaagiza ya mkono mtandaoni, ya Kichina, imeandikwa inafika presha ya bar 300. Hosi yake mwishoni ni jike. Nimejaribu kuiunganisha na probu kwa vidole, inaingia vizuri mzunguko wa kwanza, wa pili, inapokaribia wa tatu inakaza, na hapo hapo ukiitikisa inacheza. Yani imekaza na inacheza kwa wakati mmoja. Sijawahi kuona kitu kama hicho.

Kwenye droo nina na adapta moja aliniletea shemeji kutoka Texas, imechongwa "1/8 NPT". Yule aliyeniuzia bunduki ananiambia probu ni "moja ya nane". Karatasi ya pampu inasema M10x1. Kwa macho yangu vyote vitatu vinafanana kabisa, ukiviweka mezani hutojua kipi ni kipi.

Swali: nikaze kwa spana tu na thredi tepu, au hivi ni vitu tofauti? Sijapampu hata mara moja, nimesita. Natanguliza shukrani.

Kibopa_wa_Mtaa

Mkuu usijitese, funga thredi tepu raundi nne tano, kaza na spana 14, mambo yaishe. Mimi koki za nyumbani zote nafunga hivyo na mwaka wa ngapi sasa hazijavuja

FundiLezi

Kibopa shusha pumzi kwanza. Koki ya nyumbani ina bar mbili, tatu ukibahatika. Huyu anaongelea bar 200 na kitu. Halafu maji na hewa si kitu kimoja, maji hayabanwi, koki ikichomoka unalowa basi. Hewa ya bar 200 imejikunja mle ndani, ikipata upenyo inafunguka yote kwa mara moja na inaondoka na chuma chochote kilicho mbele yake.

mpiga_kopo umefanya la maana kusita. Hiyo dalili uliyosema, inakaza huku inacheza, ndo jibu lenyewe. Una dume la BSP ndani ya jike la M10x1. Ngoja nieleze maana hili linawasumbua watu wengi.

Hizo tatu ulizotaja ndizo zinazopatikana kwenye hizi bunduki kwa ukubwa huo na zinafanana kishetani. 1/8 BSP, wengine wanaiandika G1/8, kipenyo cha nje ni milimita 9.73 kwenye karatasi, ukiipima dume halisi unapata 9.6 mpaka 9.7, ina meno 28 kwa inchi, pembe ya jino digrii 55. Huu ni mfumo wa Whitworth wa tangu 1841, Waingereza hawajauacha mpaka leo na ndo maana bunduki zao nyingi zimekaa humo. M10x1 kipenyo ni 10 kamili kwa jina, ukipima unapata kama 9.8 mpaka 9.95, pichi (umbali wa jino mpaka jino) milimita 1, pembe 60. Hii ndo Wachina wanaipenda, pampu na kompresa zao ndogo zimejaa hiyo. Halafu NPT ya Wamarekani, meno 27 kwa inchi, pembe 60, ila yenyewe imechongoka, inaanza kama 10 puani na inanenepa kadiri unavyorudi nyuma, milimita moja kila milimita 16.

Na hiyo "moja ya nane" usiitafute kwa rula, hakuna sehemu yoyote pale yenye moja ya nane ya inchi. Ni jina la saizi ya bomba la zamani limebaki.

Sasa kilichotokea kwako: dume la BSP ni jembamba kidogo kuliko tundu la M10 ndo maana linaingia bila ubishi na linacheza. Pichi ya BSP ni 0.907 na ya M10 ni 1.0, kila jino linapishana karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo jino la kwanza linakubali, la pili linakubali kwa shida, la tatu limeshapotea njia linabana ubavuni. Pale ukishika spana ukakaza utahisi limeshika kweli kweli na utafurahi. Lakini linaloshika ni jino moja la mwanzo na moja la mwisho, ya katikati yanaelea hewani.

Piga hesabu. Tundu la kipenyo 9.7 lina eneo la kama milimita za mraba 74. Kwa bar 300 kila milimita ya mraba inasukumwa na nyutoni 30, jumla nyutoni 2,200 na ushee, hizo ni zaidi ya kilo 220. Magunia mawili ya mahindi yananing'inia kwenye meno mawili yaliyopinda. Na wewe umeinamia pampu, uso uko juu yake.

Thredi tepu hapo haisaidii kitu, inaficha tu ule mchezo usiuhisi.

mpiga_kopo

Dah. Asante sana fundi. Sasa nahakikishaje kwamba probu ni BSP kweli na sio kitu cha nne? Nina vanieri ya dijitali ya bei poa. Kutofautisha 9.7 na 9.8 kwa hiyo kitu naona kama bahati nasibu.

FundiLezi

Umeona vizuri, kipenyo peke yake usikiamini, hasa nyuzi zikiwa zimetumika zimelika vichwani. Pima pichi. Ukiwa na geji ya pichi, yale majani yenye meno, unalaza tu na kuangalia kwenye mwanga, jani sahihi halipitishi mwanga chini. Nunua seti yenye upande wa Whitworth digrii 55 na upande wa metriki, bei yake haifiki ya pakiti nzuri ya risasi.

Huna geji, fanya hivi. Fungua vanieri, weka ncha kwenye kichwa cha jino moja, hesabu nafasi saba, weka ncha nyingine kwenye kichwa cha jino la saba baada ya hilo. Kama ni M10x1 utasoma 7.0. Kama ni BSP utasoma 6.35, maana meno 28 kwa inchi ukichukua saba ni robo inchi kamili. NPT inakupa 6.6 hivi. Kati ya 6.35 na 7.0 hata vanieri ya bei poa haikosei. Kati ya BSP na NPT ni robo milimita tu, hapo ndo unaangalia kama imechongoka: pima kipenyo puani, pima karibu na kichwa cha spana, ikiongezeka ni tepa.

Kama dume ni fupi halina meno manane, hesabu nafasi tano: 5.0, 4.54, 4.70. Inazidi kuwa ngumu ila bado inawezekana.

Mama_Shabaha

Niongezee hapo. Kama hauna geji wala hauiamini vanieri, tumia kitu unachojua nyuzi zake kwa uhakika kama kipimo. Mimi niko Nakuru, mume wangu ana gereji, na M10x1 imejaa mle ndani. Nati za paipu za breki za Toyota na Japani nyingi ni M10x1. Plagi za pikipiki ndogo, ile NGK C7HSA, ni M10x1 na ni ndefu, nyuzi zake zimenyooka. Chukua plagi mpya ama ile safi, izungushe kwa vidole kwenye jike la hosi yako. Ikiingia laini mpaka chini bila kucheza, hosi ni M10. Pia kuna nipo za grisi, hizo zinauzwa za M10x1, za 1/8 BSP na za 1/8 NPT zote, unanunua moja moja unakuwa na seti nzima ya kupimia kwa pesa ya soda.

Ila tafadhali ni za KUPIMIA tu, mtu asije akaacha nati ya breki kwenye bunduki.

FundiLezi

Mama Shabaha hapo kwa plagi umenifurahisha, sikuwahi kuwaza. Kwa nipo za grisi nakupinga kidogo tu: nyingi zimechongwa tepa fupi kusudi zikae kwenye tundu bila washa, hata zile zilizoandikwa M10x1. Ukizungusha kwenye tundu sahihi zitakaza mapema na utadhani umekosea nyuzi. Zinafaa kukuambia pichi ukiziweka ubavu kwa ubavu na dume lako na kuangalia kwenye mwanga kama meno yanaingiliana, yani unazilaza mgongo kwa mgongo. Hiyo ni njia ya wazee na inafanya kazi vizuri sana.

Mama_Shabaha

Sawa kabisa, nimekubali. Mgongo kwa mgongo basi.

zamia_nungwi

Habari zenu. Mimi si mtu wa bunduki, nafanya kazi kwenye duka la kuzamia huku Nungwi, ila hii mada nimeiona nikasema siwezi kupita kimya, kwa sababu hiki kitu ndugu mpiga_kopo akikizoea kwenye hosi atakuja kukutana nacho kwenye mtungi na huko mambo ni makubwa zaidi.

Utachoka na pampu ya mkono, nawaona wote wanachoka, utanunua mtungi wa kuzamia uliotumika. Shingo ya mtungi, pale valvu inapoingia, kuna za M25x2 ambazo ndo za sasa huko Ulaya, na kuna za zamani za Kiingereza za robo tatu BSP, meno 14 kwa inchi. Valvu ya M25 inaingia kwenye mtungi wa zamani wa robo tatu. Inaingia! Kipenyo chake ni 25, na tundu la robo tatu linapita 26 kwenye mizizi ya nyuzi, kwa hiyo inashika vichwa vya meno tu. Pichi 2.0 dhidi ya 1.81. Ile ile hadithi ya fundi hapo juu ila sasa msukumo ni kwenye kipenyo cha 25, kwa bar 232 ni zaidi ya tani moja. Watu wameumia na wengine wamekufa kwa valvu kuruka wakati wa kujaza. Dukani tuna geji za kuingia na kutoingia, hakuna valvu inafungwa kwenye mtungi bila kupitishwa hapo, hata kama mwenye mtungi ni rafiki wa bosi.

Kwa hiyo ukinunua mtungi mkononi angalia begani kwenye ile mihuri iliyogongwa, nyuzi za shingo zimeandikwa pale. Na valvu nayo imeandikwa yake. Zisome zote mbili. Halafu hapo Uingereza mtungi wa kuzamia unatakiwa ukaguzi wa ndani kila miaka miwili na nusu na kipimo cha presha ya maji kila miaka mitano, ukikosa muhuri wa karibuni hakuna duka litakujazia na wana haki.

Upande wa mdomo wa valvu, kuna A-klampu, ule wa kubana kwa nje, huo mwisho bar 232. Na DIN, wa kuzungusha ndani, nyuzi zake ni G5/8. DIN ya 232 ina meno matano, ya 300 ina saba. Wameifanya makusudi: konekta fupi ya 232 ukiizungusha kwenye valvu ya 300 haifiki chini kwenye oringi, inavuja tu, haiwezi kushika presha ambayo haikutengenezewa. Kwa hiyo kama yako inavuja kwenye valvu ya 300 usiilazimishe wala usiongeze oringi mbili, soma imeandikwa ngapi.

FundiLezi

Asante sana zamia. Hiyo ya shingo watu waisome mara mbili.

Turudi kwa mpiga_kopo, suala la kuziba. Wengi wanachanganya hapa na ndo chanzo cha tepu kila mahali. Nyuzi zilizonyooka, yani BSP ya G na M10x1, HAZIZIBI kwa nyuzi. Nyuzi kazi yake kuvuta tu, kinachoziba ni uso na uso. Kuna ama oringi ama ile washa ya chuma yenye mpira umegandishwa ndani, Dowty wanaiita hapo kwenu, inakaa kati ya bega la dume na uso wa jike. Unakaza kwa mkono halafu robo ya mzunguko kwa spana, basi. Ukiona bado inavuja usikaze zaidi, fungua uangalie washa imekatika au uso una mkwaruzo. Kuna adapta nyingine hazina nafasi ya washa begani, oringi inakaa chini kabisa ya tundu la jike na pua ya dume ndo inaikanyaga, hapo chungulia na tochi kabla hujaweka washa juu, ukiweka washa begani pua haifiki chini.

NPT yenyewe ndo inaziba kwa nyuzi, maana ni tepa, inajikaza kama kabari. Hiyo ndo inataka thredi tepu au gundi ya nyuzi. Tepu raundi mbili au tatu, unafuata mwelekeo wa kukaza, na jino la kwanza puani uliache tupu, vinginevyo vipande vya tepu vinakatika vinaingia kwenye hosi na kutoka hapo vinakaa kwenye valvu ya bunduki, halafu unaanza mada nyingine hapa kuuliza mbona bunduki inavuja usiku.

Kwa hiyo ile adapta ya shemeji wa Texas itie kwenye mfuko wake uandike NPT kwa kalamu nene. Dume lake puani linafanana na BSP kiasi kwamba litaingia kwenye jike la G1/8 jino moja mawili na kukaza vizuri tu kwa udanganyifu, na hapo linapasua nyuzi za jike maana linanenepa. Jike la brasi likishanyonywa hivyo halirudi.

kijana_wa_Mattrah

Assalaam alaykum jamani. Niko Muscat, huku kwetu ni kinyume, fitingi za NPT ndo zimejaa madukani kwa sababu ya mambo ya mafuta na gesi, stenlesi nzuri kabisa, reti zake (presha zinazohimili) ziko mbali sana juu ya bar 300. BSP ndogo naitafuta kwa tochi. Bunduki yangu tundu lake la kujazia ni G1/8 na hosi yangu ni NPT. Adapta ya NPT jike kwenda G1/8 dume itafaa au ni kujitafutia? Kuna mtu aliniambia adapta ni udhaifu, bora nichonge nyuzi upya.

FundiLezi

Waalaykum salaam. Adapta inafaa kabisa, adapta ndo ustaarabu wenyewe. Ilimradi iwe imetengenezwa kwa hewa ya presha kubwa, imechongwa kwenye kipande kimoja cha chuma au stenlesi, ina maandishi ya nyuzi pande zote mbili, na upande wa G una bega safi la kukalia washa. Upande wa NPT tepu, upande wa G washa. Usichanganye.

Kuchonga upya usikubali. Kupitisha tapu ya NPT kwenye tundu lililokuwa BSP unabaki na meno mchanganyiko, huku ya zamani huku mapya, na ukuta umepungua. Mimi ni mkerezaji, kazi ya kuchonga ndo inaniweka mjini na hiyo kazi huwa naikataa.

Na kwa walioko Dar au Nairobi, najua mtaenda Gerezani au Kirinyaga Road kutafuta fitingi. BSP zipo tele maana mabomba yetu yote ni ya mfumo wa Kiingereza. Ila zile za brasi za kompresa ya gereji ni za bar 10 hivi, ziache. Nenda maduka ya haidroliki, fitingi ya chuma ya 1/8 BSP ya haidroliki kwa nguvu inatosha, uliza reti yake na upate kwa maandishi. Mambo mawili tu: zinakuja na mafuta ndani, zioshe mpaka zikauke kabisa, mafuta ya aina hiyo na hewa ya presha kubwa ni moto, yanaweza kuwaka yenyewe mle ndani. Kwenye oringi grisi ya silikoni tu. La pili, mwisho wa hosi ya haidroliki una koni ya digrii 60 ndani, unatafuta mwenzake mwenye koni. Ukiufunga kwenye probu yenye uso bapa utakaza mpaka jasho na utavuja tu, sio kosa la nyuzi.

Na kabla ya yote hayo kwa walioko nyumbani, ulizeni polisi kwanza kuhusu kibali cha bunduki yenyewe ndo muanze kuongelea fitingi.

Kibopa_wa_Mtaa

Nimesoma yote. Nafuta ushauri wangu wa koki au niuache watu wacheke?

Mama_Shabaha

Uache, ndo umeleta somo lote hili 😂

mpiga_kopo

Wakuu nimerudi. Geji ya pichi haijafika ila nimepima kwa vanieri kama fundi alivyosema. Probu: nafasi saba zimesoma 6.36, kipenyo 9.66 puani na 9.66 nyuma. Hosi ni jike siwezi kuipima hivyo, nikaenda kwa jirani anayetengeneza pikipiki akanipa plagi ya 10mm, imeingia laini mpaka mwisho haichezi hata kidogo. Kwa hiyo probu ni G1/8 na hosi ni M10x1, kama mlivyosema bila hata kuviona.

Sasa naona nina njia mbili, ama adapta ya M10x1 dume kwenda G1/8 jike, ama nibadilishe kila kitu kiwe cha kuchomeka haraka, ile ya Foster ambayo naona Wamarekani wengi wanayo. Mnashauri ipi?

FundiLezi

Vipimo vyako viko safi, hakuna ubishi.

Fanya vyote kwa pamoja. Kwenye probu weka plagi ya Foster ya dume yenye jike la G1/8 nyuma, na washa yake. Kwenye hosi ya pampu weka kapla ya Foster ya jike yenye dume la M10x1, na washa au oringi yake. Ukishafunga hivyo hugusi tena nyuzi, unachomeka na kuchomoa ile kapla tu, nyuzi zinachoka kwa kufungwa na kufunguliwa. Siku ukinunua mtungi unaweka kapla ile ile kwenye hosi ya mtungi, na bunduki ya rafiki yenye Foster, mfano Benjamin Marauder, inaingia bila adapta.

Tahadhari moja tu wakati wa kuagiza: "Foster" inakuambia umbo la kuchomeka, haikuambii nyuzi za nyuma. Plagi ile ile inauzwa na nyuzi zote tatu na kwenye picha huwezi kuzitofautisha. Soma maelezo, zikija zipime kabla ya kuzifunga: dume la M10x1 saba kwa 7.0, na jike la G1/8 lizungushe kwa vidole kwenye probu, liingie laini bila kucheza. Wauzaji wengi wa mtandaoni wanaandika "1/8" peke yake bila kusema BSP au NPT, hao waulize kwanza au wapite.

zamia_nungwi

Na ukifunga mara ya kwanza usiende moja kwa moja bar 200. Pampu mpaka bar 50, acha, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, subiri. Ikiwa kavu nenda 100, halafu endelea. Uso na vidole visiwe kwenye mstari wa kiungo. Ukiona kiputo, fungua ile skrubu ya kutolea hewa geji ishuke sifuri KABISA ndo ushike spana. Usikaze kitu chenye presha ndani, hata robo ya mzunguko.

mpiga_kopo

Nimeagiza hizo mbili pamoja na washa kumi za akiba na muuzaji amenithibitishia kwa maandishi G1/8 na M10x1. Zamia, ile skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu yangu iko chini karibu na mguu, nikiifungua inatoa hewa ya hosi tu au na ya bunduki?

zamia_nungwi

Ya hosi tu. Bunduki ina valvu yake ya kuzuia hewa isirudi. Ikitoka hewa mfululizo haikatiki, valvu ya bunduki haijakaa, hapo usichomoe probu, funga skrubu na upampu tena kidogo uipe nguvu ya kufunga.

FundiLezi

Na kapla ya Foster haitachomoka kwa mkono kama bado kuna presha ndani. Ukiona inagoma kuchomoka usiigonge, rudi kwenye skrubu.